Windstar: Miaka Arobaini ya Meli Ndogo Zenye Matanga

Mwishoni mwa mwaka 1986 meli nyeupe yenye milingoti minne ilianza kuchukua watalii katika visiwa vya Karibea. Jina lake Wind Star. Ilikuwa imeundwa Le Havre, Ufaransa, na ilibeba abiria 148 tu. Matanga yake sita, yakishatandazwa yote, yalikuwa na eneo la karibu mita za mraba 2,000. Wakati huo kampuni kubwa za meli za kitalii zilikuwa zikishindana kwa ukubwa. Mwanzoni mwa 1988 Sovereign of the Seas iliingia kazini ikiwa na tani zaidi ya 73,000 na nafasi ya abiria zaidi ya 2,000, na baada yake kila aliyejenga meli alitaka kumzidi mwenzake. Wind Star ilikuwa na tani zipatazo 5,300.

Mwaka 2026 unatimiza miaka 40 tangu meli hiyo ianze kazi. Kampuni iliyozaliwa nayo, Windstar Cruises, imepita katika mikono ya matajiri na mashirika kadhaa. Imewahi kuunguliwa na meli, ikafilisikiwa na mwenyewe, ikapigwa mnada, na ikafungiwa bandarini na janga la dunia nzima. Hata hivyo haijawahi kujenga meli kubwa. Kila aliyeinunua alikuta abiria wake wamekuja kwa sababu hiyohiyo ya udogo, na waliokuwa na busara hawakuigusa.

Wazo lenyewe lilianzia kwenye bei ya mafuta. Baada ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973, na tena mwaka 1979, waunda meli wa nchi nyingi walianza kuutazama upepo upya. Japani waliweka matanga yanayoongozwa na kompyuta juu ya meli ndogo ya mafuta, Shin Aitoku Maru, mwaka 1980. Jacques Cousteau alijenga Alcyone mwaka 1985, yenye minara miwili inayonasa nguvu ya upepo. Huko Finland kampuni ya Wärtsilä ilichora meli ya abiria ambayo ingesafiri kwa matanga bila kuhitaji jeshi la mabaharia wa kupanda milingoti.

Mwaka 1984 watu wawili waliamua kuutia mchoro huo fedha na jina. Mmoja alikuwa Karl Andren, mfanyabiashara wa New York. Wa pili alikuwa Jean Claude Potier, Mfaransa aliyetoka French Line, kampuni iliyokuwa ikivusha watu kati ya Le Havre na New York kwa meli kubwa mno kama Normandie na France. Naona maana kubwa katika hilo. Potier aliijua biashara ya meli kubwa tangu ndani, akaona ile France ikistaafishwa mwaka 1974 kwa sababu haikuweza kulipia mafuta yake. Alipopata nafasi ya kuanza upya alirudi Le Havre ileile, safari hii kuagiza meli ambayo abiria wake wote wangeweza kula katika ukumbi mmoja kwa wakati mmoja.

Meli tatu ziliundwa huko kwa mfuatano: Wind Star, kisha Wind Song mwaka 1987, kisha Wind Spirit mwaka 1988. Zilikuwa pacha watatu. Kila moja ilikuwa na kabini 74, urefu wa mita 134 ukihesabu na mlingoti wa omo, na milingoti iliyosimama mita 60 na ushee juu ya maji.

Msomaji wa pwani atataka kujua matanga hayo yanafanyaje kazi. Jahazi la kwetu lina tanga lililofungwa kwenye foromali, na kulipandisha ni kazi ya wanaume kadhaa wanaovuta kwa pamoja huku wakiimba. Ndani ya Wind Star hakuna anayevuta kamba. Matanga ni ya pembe tatu, yamezungushwa kama mkeka, na ofisa aliye katika chumba cha usukani anabonyeza kitufe. Mitambo inayakunjua na kuyanyoosha kwa muda wa dakika chache. Kompyuta inapima nguvu na upande wa upepo, inalegeza au kukaza, na upepo ukizidi kipimo inayakunja yenyewe. Ndani ya tumbo la meli maji hupigwa pampu kutoka tangi la upande mmoja kwenda la upande wa pili, ili meli isilale sana na sahani za abiria zisiteleze mezani.

Hapa lazima niseme ukweli ambao matangazo ya biashara huupitia haraka. Meli hizi zina injini za dizeli, na injini hizo zina kazi nyingi. Abiria ameahidiwa kuamka kesho kwenye bandari fulani saa fulani, na upepo hauna ratiba. Kwa hiyo mara nyingi matanga husaidia injini, na injini husaidia matanga. Pepo zikiwa njema, meli inaweza kufikia maili za bahari 15 kwa saa kwa nguvu zote mbili, na ziko saa ambazo nahodha huzima mashine za kusukuma na kuiachia bahari. Abiria waliowahi kuwa juu ya sitaha saa kama hizo ndio wanaorudi mwaka baada ya mwaka. Kwangu mimi hilo linatosha kuyapa matanga heshima yake. Hayakuwekwa kuwa pambo, ingawa hayabebi mzigo wote.

Jioni ya kung'oa nanga ndiyo inayokumbukwa zaidi. Abiria hukusanyika sitahani, vipaza sauti hupiga muziki ambao Vangelis aliutunga kwa filamu ya Christopher Columbus ya mwaka 1992, na tanga la kwanza linaanza kujitokeza mlingotini. Linatoka taratibu, likiwa limelegea na kupigapiga, mpaka upepo unalikamata na kitambaa chote kinakaza mara moja. La pili linafuata, na la tatu. Mlango wa chumba cha usukani huwa wazi kwa abiria muda mwingi wa safari. Wanaingia, wanauliza maswali, wanatazama ramani pamoja na maofisa. Katika meli ya watu 5,000 jambo hilo haliwezekani hata kidogo. Tezini kuna jukwaa linaloshushwa mpaka usawa wa maji, na meli ikitia nanga watu huogelea na kupiga makasia kutoka hapo.

Udogo ulifungua pia milango ya bandari. Meli hizi zinahitaji kina cha maji cha mita nne na kidogo, hivyo zinaingia mahali ambapo majitu hayawezi hata kukaribia: Gustavia katika kisiwa cha Saint-Barthélemy, vibandari vya visiwa vya Ugiriki, ghuba za Raiatea na Bora Bora. Zimepita kwenye mfereji wa Corinth, uliochimbwa kati ya kuta za mwamba zilizosimama wima, wenye upana wa mita zisizofika 25 kwenye usawa wa maji. Wind Star ina upana wa karibu mita 16. Abiria akisimama ubavuni anaweza kuhesabu nyufa za jiwe.

Wind Song ilipelekwa Tahiti mara tu ilipokamilika mwaka 1987. Lilikuwa jambo la ujasiri. Polynesia ya Kifaransa iko mbali na kila mahali, na kumpeleka mtalii wa Marekani huko kwa ndege ili akapande meli ya watu 148 kulihitaji bei kubwa na imani kubwa zaidi. Safari hizo ndizo zilizolijenga jina la kampuni, kwa kuwa visiwa vile, vyenye matumbawe na mapengo membamba ya kuingilia, vinawapenda wenye meli ndogo.

Fedha za waanzilishi hazikutosha kwa muda mrefu. Holland America Line ilinunua nusu ya Windstar mwaka 1987 na kuimaliza nusu iliyobaki mwaka uliofuata. Muda si muda Holland America yenyewe ikanunuliwa na Carnival, kampuni ya Miami iliyokuwa inaelekea kuwa kubwa kuliko zote duniani katika biashara hii. Ndivyo kampuni ndogo ilivyojikuta mjukuu katika nyumba ya jitu. Ilikaa humo kwa karibu miaka 20. Ilipata ofisi, mafundi na mtandao wa mauzo. Mabaharia wake wengi walitoka Indonesia na Ufilipino, kama ilivyo desturi ya Holland America. Ila meli mpya haikujengewa hata moja.

Iliyopewa ilikuwa ya mkono wa pili. Karakana ileile ya Le Havre ilikuwa imewaundia Club Med meli mbili kubwa zaidi kwa mtindo uleule, zenye milingoti mitano na matanga saba. Ya kwanza, Club Med 1 ya mwaka 1990, ilinunuliwa mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaitwa Wind Surf. Ina urefu wa mita 187 na ni miongoni mwa meli za matanga ndefu kuliko zote zilizo baharini, ingawa abiria wake hawafiki 350. Club Med 2 ilibaki kwa wenyewe.

Kisha ukaja mwezi wa Desemba mwaka 2002. Wind Song ikiwa katika maji ya Polynesia, moto ulizuka katika chumba cha injini. Abiria na mabaharia wote walitolewa wakiwa salama, na hilo lihesabiwe kwanza kabla ya hasara nyingine yoyote. Meli ilikokotwa hadi Tahiti, ikakaguliwa, na ikaonekana haifai kutengenezwa. Januari 2003 ilivutwa mpaka kwenye kina kirefu ikazamishwa kwa makusudi, katika bahari ileile iliyoifanya ijulikane. Pacha watatu wakawa wawili.

Carnival iliiuza Windstar mwaka 2007 kwa Ambassadors International, kampuni ya Marekani iliyokuwa na uzoefu wa safari za makundi na meli za mtoni, kwa bei iliyotajwa kuwa kama dola milioni 100. Saa ilikuwa mbaya. Mwaka uliofuata mabenki ya Marekani yalianza kuanguka, na kitu cha kwanza ambacho tajiri aliyetishika hukifuta ni likizo ya baharini. Ambassadors ilibeba madeni mpaka Aprili 2011, ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani, na kwa wiki kadhaa ilionekana hivyo: meli tatu za matanga, zenye umri wa miaka ishirini na ushee, ziliingizwa mnadani kama sehemu ya mali ya mfilisika.

Mnada ulikwenda kwa Xanterra, kampuni ya bilionea Philip Anschutz wa Denver, kwa dola milioni 39. Xanterra ilikuwa inaendesha hoteli na migahawa ndani ya hifadhi za taifa za Marekani, zikiwemo Grand Canyon na Yellowstone. Wengi walishangaa mwendeshaji wa nyumba za wageni za milimani anatafuta nini baharini. Jibu lilikuja haraka. Aliyezoea kutunza jengo la kale la magogo ndani ya hifadhi, asiruhusiwe kuliongeza ghorofa, anajua kupata faida kutoka kwenye nyumba ndogo isiyopanuka. Xanterra ilizikarabati meli zote tatu ndani kabisa, na mwaka 2013 ikatangaza kununua nyingine tatu.

Hizo tatu zina historia yake, na sehemu yake moja inatuhusu sisi moja kwa moja. Ziliundwa Bremerhaven, Ujerumani, kati ya 1988 na 1992, na zikawa maarufu chini ya jina la Seabourn, kampuni iliyoanzishwa na Mnorwe Atle Brynestad. Hazina matanga. Ni meli za injini za abiria wapatao 200, ambao kila mmoja ana chumba kikubwa chenye sehemu yake ya kukaa. Ya kwanza, Seabourn Pride, ilizinduliwa na Shirley Temple Black, yule mtoto nyota wa filamu za zamani aliyekuja kuwa balozi. Ya tatu, Seabourn Legend, iliigiza katika filamu ya Speed 2 ya mwaka 1997.

Ya kati ni Seabourn Spirit. Alfajiri ya tarehe 5 Novemba 2005 ilikuwa njiani kuja Mombasa, ikitokea Alexandria nchini Misri. Ikiwa zaidi ya kilomita 100 kutoka pwani ya Somalia, boti mbili ndogo ziliifuata na watu waliokuwamo wakaanza kufyatua bunduki na maroketi ya kurusha kwa bega. Nahodha aliongeza mwendo na kugeuza meli kuelekea bahari kuu. Juu ya sitaha walinzi wawili, Michael Groves na Som Bahadur Gurung wa Nepal, waliwakabili washambuliaji kwa bomba la maji na kwa mtambo unaorusha sauti kali kupita uwezo wa sikio kuvumilia. Gurung alijeruhiwa. Roketi moja ilipenya ubavuni mwa meli. Maharamia hawakufanikiwa kupanda, na meli ikaenda zake Shelisheli badala ya Mombasa. Mwaka 2007 walinzi hao wawili walitambuliwa kwa ushujaa wao na Malkia Elizabeth II.

Mombasa iliwasubiri wageni wale bila kuwaona. Madereva wa magari ya kitalii, wachuuzi wa vinyago, wapokezi wa bandarini, wote walikosa siku ile, na walikuja kukosa siku nyingi zaidi. Uharamia uliongezeka miaka iliyofuata, bima za meli zikapanda, na meli nyingi za kitalii zikakwepa pwani ya Afrika Mashariki kwa muda mrefu. Tunapozungumza juu ya uharamia wa Somalia huwa tunataja meli za mizigo na za mafuta zilizotekwa. Tukio la Seabourn Spirit ni miongoni mwa mambo yaliyouonya ulimwengu mapema, kabla ya utekaji mkubwa wa 2008 na kuendelea, na hasara yake ilitufikia sisi moja kwa moja.

Seabourn Spirit ndiyo leo inayoitwa Star Breeze. Pride ilijiunga na Windstar mwaka 2014 kwa jina la Star Pride, na nyingine mbili, Star Breeze na Star Legend, mwaka 2015. Kampuni ikawa na meli sita: tatu za matanga na tatu zisizo na matanga. Wapo wapenzi wa kale waliolalamika kwamba Windstar bila tanga si Windstar. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Abiria wa meli hizo tatu bado wanakula pamoja, bado wanaingia vibandari vidogo, na bado wanafahamiana kwa majina kabla ya siku ya tatu.

Jaribio kubwa zaidi la imani hiyo lilikuja Novemba 2018. Kampuni ilitangaza mpango wa dola milioni 250 wa kuzirefusha meli hizo tatu katika karakana ya Fincantieri, Palermo, kisiwani Sicilia. Kazi yenyewe inastahili kuelezwa. Meli inapandishwa chelezoni, inakatwa katikati kutoka sitaha ya juu mpaka mkuku, na nusu yake ya mbele inasogezwa mbali. Kipande kipya chenye urefu wa mita 25.6, kilichoundwa tayari, kinaingizwa kwenye pengo. Kisha kila bomba, kila waya na kila bamba la chuma linaunganishwa upya pande zote mbili, na injini mpya zinafungwa mahali pa zile za zamani. Meli iliyoingia na abiria 212 inatoka na nafasi ya abiria 312.

Star Breeze ilikuwa ya kwanza kukatwa. Ilikuwa Palermo wakati ugonjwa wa korona ulipoilemea Italia mapema 2020. Karakana ilisimama, mafundi wakabaki majumbani, na Machi mwaka huo Windstar ikasimamisha safari zake zote kama kampuni nyingine duniani. Kwa zaidi ya mwaka haikubeba abiria. Katikati ya 2021 Star Breeze, ikiwa imerefushwa, ndiyo iliyoanza tena kuchukua watu Karibea, na kabla ya mwaka kwisha dada zake wawili walikuwa wamekamilika. Meli iliyoponea chupuchupu kwa maharamia ikawa ndiyo ya kuifungulia kampuni ukurasa baada ya janga.

Wapo watakaouliza kama 312 bado ni udogo. Katika soko ambalo meli moja hubeba watu zaidi ya 5,000, naam, ni udogo. Lakini mpaka upo, na naamini kampuni imeufikia. Ushahidi ni kwamba mwaka 2024 ilipotangaza meli nyingine mbili, Star Seeker na Star Explorer, zote za karakana ya Viana do Castelo nchini Ureno, ilichagua meli za abiria 224 tu kila moja. Ingeweza kutafuta za mara mbili ya hapo.

Wanunuzi wa safari hizi ni watu wenye uwezo, na sitajifanya kuwa msomaji wa kawaida wa gazeti hili atakata tiketi kesho. Ila pwani yetu ina bandari ambazo Mungu aliziumba kwa meli za kiasi hiki. Mombasa tayari ina kituo maalumu cha abiria wa meli za kitalii. Lamu, Kilwa na Mikindani hazihitaji magati ya kupokea watu 5,000 kwa mpigo, wala hazingewamudu bila kuharibika. Zinahitaji njia ya maji iliyopimwa na kuwekewa alama, mashua safi za kushushia wageni, daktari aliye karibu, na ulinzi wa baharini unaoaminika. Wenye dhamana ya bandari hizo na wapeleke mwaliko kwa kampuni za meli ndogo, wakianza na ile iliyo na Star Breeze, kwa kuwa meli hiyo ilikuwa inakuja kwetu mwaka 2005 na haikufika.